Mkono upo ila mtandaoni sionekani kabisa, madizaina wazoefu naombeni ushauri

Dizaina wa Igoma

Habari zenu wakuu. Nipo Mwanza, nafanya grafiki dizaini kwenye duka la printing huku mjini, nina miaka kadhaa sasa kwenye hii kazi na bila kujisifu mkono upo. Kadi za michango, benari za mikutano ya injili, tisheti za mahafali, stika za bajaji, lebo za asali, mifuko ya unga wa lishe, vyote vinapita kwenye kompyuta yangu. Shida hakuna anayenijua. Mteja anajua duka na anamjua bosi, akitoka pale anawaambia wenzake nimetengenezewa na fulani, na huyo fulani hata kufungua Illustrator hawezi.

Sasa kuna jamaa tulijifunza naye hii kazi pamoja, kapata ajira kwenye shirika moja Dar, namuuliza umeipataje ananiambia walimtafuta wao, waliona kazi zake mtandaoni. Nikaingia Google nikaandika jina langu, kilichokuja ni orodha ya waliochaguliwa kidato cha tano, basi.

Instagram ninayo, nimepost kazi nyingi tu ila wanaolaiki ni madizaina wenzangu na binamu zangu. Behance, ule mtandao wa madizaina kuonyesha kazi zao, nilifungua akaunti ila sijawahi kuelewa mle ndani mtu anaandika nini. LinkedIn naiona kama ya watu wa suti. Sasa nianzie wapi hapo? Na folowaz wachache ndo tatizo langu au kuna kingine? Halafu zile kazi nilizofanya nikiwa kwa bosi naruhusiwa kuziweka au nitajitafutia kesi? Nipo tayari kukosolewa, matusi tu ndo sitaki.

kanda ya ziwa moja

Naweka kambi hapa, na mimi mhanga.

Mkaguzi wa Fonti

Mkuu wa Igoma mimi nipo kwenye ejensi hapa Dar na moja ya kazi ninazosukumiwa ni kupitia maombi ya madizaina wanaotaka kazi, kwahiyo ngoja nikwambie inavyokuwa kweli na sio ile ya kwenye semina. CV sianzi nayo. Naanza kutafuta linki. Kama linki hakuna nafungua kiambatanisho, na kikiwa ni PDF ya MB sitini ndo imetoka hiyo, mara nyingi nipo kwenye mwendokasi nimebanwa naangalia kwa simu na bando langu mwenyewe. Nikipata linki nikakuta mapicha ya heri ya Pasaka, Eid Mubarak, siku ya wanawake, Sabasaba, happy birthday ya msanii ambaye hata hajui kama umemtengenezea, nafunga. Mengine ni makali kweli, sikatai, ila hayaniambii chochote kuhusu wewe kama mtu wa kufanya naye kazi. Bango la sikukuu halina mteja, halina bajeti, hakuna aliyekwambia logo iongeze, hakuna kiwanda kilichokwambia hii rangi haitoki. Mimi nataka kuona umebanwa halafu ukatokaje.

Kuhusu laiki, jibu unalo mwenyewe. Unapost simba mwenye moto machoni na kiatu kinaelea juu ya maji, hivyo ni vitu vya kufurahisha madizaina na madizaina ndo wanaolaiki. Mwenye kiwanda cha kukamua alizeti Singida hana shida na simba wa moto. Wasikudanganye na folowaz, mimi sijawahi kuulizwa na bosi wangu huyu ana folowaz wangapi, labda kama unaomba kazi ya kuendesha kurasa za mitandao.

Sasa wapi. Behance, bila kuzunguka. Ipo tangu 2005, Adobe waliinunua 2012, ni bure, na ubora wake kwa mtu kama wewe ni kwamba inakuruhusu kuweka kazi moja kwa urefu, picha, maelezo, picha, maelezo, na Google inazisoma zile kurasa ukiandika maneno ya maana. Dribbble achana nayo kwa sasa, nayo ni ya zamani, ya 2009, miaka mingi kupost mle ilikuwa mpaka ualikwe, na imejaa watu wa muonekano wa app. Mfuko wa unga ukiuweka kule utakuwa mpweke. Instagram endelea nayo ila usiitegemee yenyewe tu, Januari 2025 walibadilisha vile viboksi vya kwenye profaili kutoka mraba vikawa wima, watu waliokuwa wamepanga kurasa zao vizuri wakaamka wanakuta logo zimekatwa pembeni. Umejenga kwenye kiwanja cha mtu, akiamua kuhamisha ukuta hakuulizi.

Na katika vyote ulivyotaja unajua mimi nimeshtuka wapi? Kwenye mifuko ya unga wa lishe. Umeitaja katikati ya stika za bajaji kama vile haina maana. Hiyo ndo kazi yako ya kwanza ya kuweka. Wajasiriamali wa vyakula ni wengi mno nchi hii, kila mmoja anahitaji kifungashio, na madizaina wanaojua kwamba mfuko unatakiwa kuwa na uzito, tarehe ya kutengeneza na ya kuisha, namba ya toleo, sehemu ya alama ya TBS, lile shirika la viwango, na bakodi inayosomeka sio wengi. Mtu akitafuta kitu hicho Google anakuta mokapu za Wazungu za kahawa, yaani picha za bidhaa zilizotengenezwa kwenye kompyuta.

Potifolio yako, yaani mkusanyo wa kazi za kuonyesha, iwe na kazi nne tano za hivyo, zimeelezewa. Usiweke thelathini.

Fundi Kariakoo

Sasa mimi niwe mbishi kidogo. Nina kibanda Kariakoo huu mwaka wa ngapi sijui, sina Behance, sina LinkedIn, Instagram ninayo ya kuangalia mpira, na kazi hazikatiki. Mteja analetwa na mteja. Hawa vijana wa siku hizi wanashinda wanapanga profaili wakati mashine ipo wazi hakuna anayeichapia. Kijana upo kwenye duka ambalo watu wanaingia kwa miguu yao kila siku, hiyo ndo mitandao yenyewe. Kila anayekuja msalimie, muulize biashara yake, chukua namba, weka kazi zako WhatsApp status. Status yangu moja ya asubuhi inaniletea kazi kuliko hizo mnazoita potifolio.

Na jingine, mnasema watu wanatafuta Google. Mteja wangu wa Kariakoo hatafuti Google, anauliza jirani yake wa vitenge.

Mkaguzi wa Fonti

Fundi sikupingi, kwa mwenye kibanda chake hiyo inatosha na inazidi. Ila soma swali la kijana, yeye hana kibanda. Akichukua namba za wateja wa bosi na kuanza kuwatumia kazi zake atafukuzwa kabla ya mwisho wa mwezi na atakuwa hana pa kulalamika. Na status inakaa saa 24 inafutika, na anayeiona ni mwenye namba yako tayari. Huyo wa shirika aliyemtafuta rafiki yake hakuwa na namba ya mtu.

Fundi Kariakoo

Hapo kwenye kuiba wateja upo sahihi, hilo sikulifikiria upande wa kwake. Ila WhatsApp asiidharau.

Siagi ya Karanga Dodoma

Mimi sio dizaina, ni mteja, naomba niwaambie upande wetu maana mnaongea kama sisi hatupo. Natengeneza siagi ya karanga, nilikuwa naandika lebo kwa mkono nabandika, nikaamua nitafute mtu wa kunifanyia kitu cha maana niingie supamaketi. Nilitafuta vipi? Kwanza niliuliza kwenye grupu letu la wasindikaji, nikapewa namba mbili, mmoja hapokei simu, wa pili kanitumia picha za vilabu vya pombe na matamasha nikamwambia kaka mimi nauza karanga. Ndo nikaingia Google nikaandika mtengeneza lebo za vyakula Dodoma. Kwa Kiswahili, ndio. Hakuja dizaina hata mmoja mwenye jina, zilikuja kurasa za vifungashio na matangazo.

Baadaye nikampata kijana Instagram, na unajua kilichonifanya nimwamini? Hakuwa na picha nzuri kuliko wengine. Alikuwa ameweka chupa ya pilipili, ile ile niliyokuwa naiona dukani, na chini ameandika lebo ya mwanzo ilikuwa inaloana kwenye friji wino unachuja ndo wakabadilisha karatasi. Nikasema huyu anaongea lugha yangu, maana na mimi mafuta ya karanga yalikuwa yananiharibia lebo. Nikataka kumpigia, namba hakuna! Imeandikwa tu njoo inbox, na inbox kajibu baada ya siku kadhaa. Nilikuwa nimeshalipa mtu mwingine.

Kwahiyo wanangu wekeni namba. Wekeni mji mlipo. Wekeni japo bei inaanzia shilingi ngapi, sio siri ya serikali, sisi tunaogopa kuuliza tukidhani mtatutajia milioni.

Dizaina wa Igoma

Asante sana mama yangu, hii ya lebo kuloana imenigusa kweli maana mambo kama hayo kwetu ni kila siku na sijawahi kufikiria kama ni kitu cha kuandika. Mimi nilijua potifolio inatakiwa iwe na maneno makubwa makubwa ya kizungu.

Mkaguzi, swali. Hizo kazi ni za wateja wa bosi. Mkataba wangu hauna hata ukurasa mzima, umeandika mshahara na saa za kuingia. Nikiziweka Behance bosi akiziona?

Nairobi Dizaina

Sasa wasee wa Bongo, nasoma hii stori nikiwa Nairobi na naona ni zile zile zetu. Wengi wetu tulianzia kwa saiba na maduka za kuprinti za River Road, bosi ndiye jina, wewe ni mkono tu.

Hiyo ya nani ana haki msiichezee. Huku Kenya sheria ya hakimiliki ni ya 2001, na ukiwa umeandikwa kazi, ile kitu umeunda inakuwa ya mwenye amekuandika kama hamjaandikiana vingine. Na sio ajira pekee, hata kazi ya kuagizwa tu, mteja akikulipa ukamuundia, haki inaenda kwake bila mkataba unaosema tofauti. Wasee wengi hawajui hii, wanadhani logo ni yao kwa sababu faili iko kwa laptop yao. Kwa hivyo mimi kwa kila invoisi niko na laini moja ya mwisho inasema dizaina anaweza kuonyesha hii kazi kwa potifolio yake baada ya bidhaa kutoka sokoni. Hakuna mteja amewahi kukataa. Wengi hata hawasomi.

Halafu mimi nitatetea LinkedIn, mtanicheka lakini ni sawa. Watu wa masoko kwa mabenki, kwa mashirika, kwa kampuni za mbegu, hao wote wako huko siku nzima wakijifanya wanafanya kazi. Kosa ni vile watu hujiandika pale juu, mbunifu, msimulizi wa picha, mpenda kahawa. Nani huserchi mpenda kahawa? Andika kazi, bidhaa na mji. Dizaina wa vifungashio vya vyakula, Mwanza. Imeisha. Hiyo laini ndiyo inasomwa na ile injini yao ya kutafuta.

Na pia usikae pale kama mzimu. Sio lazima upost kila siku, hiyo ushauri ya kila siku huwa inachosha watu bure. Mtu wa kiwanda akiuliza swali kuhusu karatasi ama wino, jibu vizuri. Mimi kazi yangu kubwa ilitoka kwa kujibu tu, jamaa alikuwa analia bakodi yake haisomeki kwa kaunta, nikamweleza, baada ya wiki akanipigia.

Mkaguzi wa Fonti

Nairobi kaeleza vizuri. Kwetu ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na kwa aliyeajiriwa mambo ni hayo hayo, kazi uliyofanya ndani ya ajira ni ya mwajiri isipokuwa mmekubaliana vingine. Ila haki ya kutajwa kwamba wewe ndo uliyebuni hiyo ni yako, haihami na pesa. Kwahiyo usiiuze, usimpe mtu mwingine faili, usiseme ni mteja wako. Sema ni kazi uliyoifanya ukiwa duka fulani na utaje duka.

Na muombe bosi, kwa maandishi, WhatsApp inatosha. Usimuandikie kama unaaga. Mwambie bosi naomba kuweka baadhi ya kazi zetu mtandaoni nikitaja duka, na yeye atapata wateja. Wengi wanakubali hapo hapo maana ni matangazo ya bure. Akikataa, heshimu, tengeneza kazi zako za nje ya saa za kazi kwa watu halisi, kuna mama yeyote jirani yako anauza kitu bila lebo. Usitengeneze bidhaa ya kufikirika, hizo tunazijua kwa harufu.

mzee wa kalamu

Mmegusa habari ya jina nikakumbuka kitu. Mnamkumbuka Mzee Francis Maige Kanyasu, Ngosha? Msukuma mwenzako huyo bwana Igoma. 2017 alikutwa Buguruni, mzee, mgonjwa, hali duni, ndo nchi nzima ikashtuka kwamba kuna mtu anatajwa kuwa ndiye mchoraji wa nembo ya taifa na yupo hai anaishi hivyo. Mwezi ule ule wa Mei akafariki Muhimbili. Na hata hapo wakatokea wanaosema hapana, aliyechora ni mtu mwingine, wakabishana kwenye magazeti.

Hiyo ni nembo iliyopo kwenye kila fomu ya serikali uliyowahi kujaza. Sasa lebo ya asali ya Mwanza nani atakumbuka aliyeichora?

Mimi nilichora mabango kwa brashi enzi hizo, tulikuwa tunasaini pembeni chini, jina na mtaa. Mtu anapita anaona bango la saluni, anasoma pembeni, anakufuata. Sijui kwa nini mliacha.

Nairobi Dizaina

Mzee wa kalamu heshima. Matatu za huku bado wanasaini, ukiangalia kwa nyuma utaona jina ya msanii.

dada wa pikseli

Naongeza la pesa maana hakuna aliyeligusa. Mkuu ukianza kuonekana utapata wa nje pia, na watu wanakurupuka kufungua kila kitu kabla hawajajua hela inaingilia wapi. PayPal ya Tanzania kutuma inatuma, kupokea ndo mtihani. Wengi tunatumia Payoneer inaingia benki. Fiverr wanakata asilimia 20 ya kila kazi, kwahiyo ile bei ya kujiuza dola tano hesabu vizuri kinachobaki ukitoa na umeme na bando. Mimi niliitumia kupata watu wawili watatu wa kunisifia nikaondoka. Kwa hizo lebo zako naona soko lako lipo hapa hapa, usihangaike na dunia.

Nairobi Dizaina

Kweli. Huku tunatoa PayPal kwa M-Pesa tangu 2018 na bado wateja wangu wengi ni wa hapa hapa.

kijana wa templeti

Sorry kwa kuharibu sherehe lakini mnajadili potifolio wakati Canva na AI zimeshamaliza hii kazi, mteja anaandika sentensi moja anapata bango. Mnapanga viti kwenye meli inayozama.

Fundi Kariakoo

Mletee huyo AI wako mteja anayetaka mifuko elfu mbili kesho saa nne na amekuja na logo ameitoa kwenye screenshot ya WhatsApp, tuone.

Mkaguzi wa Fonti

Bango la birthday limeenda kweli, tusidanganyane, na ndo maana nasema msijae nayo kwenye potifolio. Ila Canva haijui kwamba kiwanda cha mifuko kinachapa rangi mbili tu.

Dizaina wa Igoma

Wakuu nimerudi. Nimeongea na bosi, kacheka kwanza akauliza nani ataangalia mfuko wa unga mtandaoni, kisha kasema weka ila taja duka na weka namba ya duka na ya kwako. Sikuamini. Sasa nimekaa usiku nimeandika maelezo ya kazi ya kwanza, naombeni mnikosoe kabla sijaweka:

"Mfuko wa Unga wa Lishe. Huu ni ubunifu wa kisasa uliofanyika kwa ajili ya mteja wetu. Nilitumia rangi zinazoendana na asili na fonti ya kisasa ili kuleta muonekano wa kipekee na wa kuvutia unaoongeza thamani ya bidhaa sokoni. Programu zilizotumika ni Illustrator na Photoshop."

Mkaguzi wa Fonti

Mdogo wangu hapo hujasema kitu. Toa jina la unga weka sabuni, bado inasomeka vizuri. Hebu nijibu hapa hapa kama tunaongea, usiandike rasmi. Huyo mteja mwanzo alikuwa anatumia nini? Kwa nini alikuja? Nini kilishindikana? Rangi zipi na kwa nini hizo?

Dizaina wa Igoma

Aah mwanzo alikuwa anatumia mfuko wa plastiki anabandika stika, sasa unga ni vumbi, ukishika kwenye plastiki gundi haishiki, dukani stika zinadondoka mwenye duka akamwambia mama mimi siuzi kitu hakina jina. Akaja anataka mfuko wa kaki uliochapwa kabisa. Hela ya kuchapa rangi nne hana na idadi yake ni ndogo, kwahiyo ni kuchapa kwa skrini, rangi mbili mwisho. Yeye alitaka njano kwa sababu ya mahindi, nikamuonyesha njano juu ya kaki inakuwa kama tope, hakuna wino mweupe chini wa kuibeba, ndo tukaenda kahawia iliyokolea na kijani. Jina nikaliweka kubwa sana maana duka lenyewe unga unawekwa rafu ya juu na taa ni moja. Sehemu ya tarehe na namba ya toleo nimeacha kiboksi kitupu bila rangi kwa sababu anapiga muhuri kwa mkono, ukipiga juu ya wino haushiki. Halafu bakodi alitaka nyekundu, maana alitaka rangi moja iwe nyekundu, nikakataa tukabishana sana, skana inamulika mwanga mwekundu kwahiyo mistari myekundu haioni, mpaka nilipompeleka kaunta ya supamaketi tukajaribu na karatasi.

Mkaguzi wa Fonti

Sasa HAYO ndo maelezo ya kazi. Hayo hayo ulivyoandika, rekebisha nukta tu. Ningekuwa natafuta mtu wa vifungashio leo ningekuwa nimeshakutafuta inbox. Hiyo ya kumpeleka mteja kaunta na karatasi uipe aya yake peke yake na kama una picha ya hiyo karatasi iweke hata kama ni mbaya.

Kichwa usiandike Mfuko wa Unga wa Lishe tu, andika dizaini ya mfuko wa unga wa lishe, karatasi ya kaki, rangi mbili, Mwanza. Ndo maneno ambayo mama wa karanga angeandika Google. Chini yake sentensi mbili tatu za Kiingereza cha kawaida kwa ajili ya watu wa mashirika, usihangaike kutafsiri yote. Picha ya kwanza isiwe mokapu, iwe mfuko wenyewe umeshikwa na mkono. Ya pili mfuko wa zamani na stika yake imening'inia. Majina ya mafaili ya picha usiache zile namba za kamera, yaite kwa kitu kilichomo.

Siagi ya Karanga Dodoma

Huyu kijana nimemuelewa hata kabla sijaona picha. Niambie chupa ya gramu 400 lebo ya mafuta hayapenyi unafanya kwa shilingi ngapi? Safari hii nataka nianze upya.

Dizaina wa Igoma

Mama nakuja inbox sasa hivi, ila hiyo inabidi tupitishie dukani kwa bosi kwa sababu mashine ni yake, nitakupigia hesabu ya dizaini na ya kuchapa mbali mbali ili ujue unalipia nini. Nitumie picha ya chupa na vipimo vya mzunguko, pima na uzi kisha uweke kwenye rula.

Mkaguzi, mfuko wa zamani nilishautupa, nitauliza kwa mwenye duka kama amebakiwa na mmoja. Na LinkedIn naiandika leo, bila kahawa.

kanda ya ziwa moja

Igoma ukishaweka tupia linki, na sisi wa kambi tumeandika madaftari.